Vidonge vya Kumnenepesha Marietha

Jumapili, 9 Februari 2025

Wamekuja! Watu kumi na mmoja badala ya sita tulioambiwa. Wali umepungua, nimekimbia mwenyewe kwa jirani kununua chapati, na viatu vya kisigino hivyohivyo. Lakini barua ya posa imepokelewa, mambo yamekubaliwa, na tarehe imepangwa: Jumamosi ya 12 Julai. Mdogo wangu Marietha anaolewa. Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia moshi.

Halafu mama mdogo wa Adelard, bwana harusi wetu, akaharibu. Marietha aliingia kusalimia, kajifunga kanga zake mbili, kapendeza. Yule mama akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema mbele ya wote kwamba binti ni mzuri, ana adabu, ila mbona mkavu hivi? Kwao bibi harusi huingia kanisani akiwa amejaa. Watu wakacheka. Adelard naye akacheka. Kwa aibu, nadhani, lakini alicheka.

Wageni walipoondoka kurudi kwao Kibamba, Marietha aliosha vyombo vyote peke yake, hataki kusaidiwa. Kilo arobaini na tisa. Baba na Mama hawapo, mimi ndiye niliyemfikisha hapa, na mtu anakuja kumwita mkavu nyumbani kwangu Chamazi akiwa anakula nyama yangu! Nimemwambia aniachie mimi. Nauza duka la dawa, siuzi viatu.

Jumatano, 12 Februari

Nimemletea.

Dukani tunaviita vidonge vya shepu. Kwenye pakiti vina jina lao, kwa hiyo tunavitoa kimoja kimoja, tunavitia kwenye bahasha ndogo ya nailoni, juu tunaandika 2x2, basi. Mteja akijua jina atakwenda kununua kwingine, au atasoma kwenye simu aogope. Kile cheupe kidogo ni deksa, ya uvimbe na pumu. Kingine ni cha mafua ya mzio, kinaleta hamu ya kula. Wiki ya tatu mtu anarudi kushukuru, kaja na shoga yake.

Vya Marietha nimevifunga vilevile. Kwenye bahasha, bila jina. Mkono umeshazoea.

Ameuliza swali moja tu. Dada, havitalisumbua ini? Anaulizia ile habari ya 2021, alipokwenda kuchangia damu chuoni wakamwita pembeni: ana homa ya ini B. Daktari alisema kirusi kimelala, ini ni zima, aje kila miezi sita apimwe. Tulikwenda mara mbili. Tukaacha, maana hakuwa anaumwa popote. Anajua yeye na ninajua mimi. Hata Adelard hajui. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, watu wakisikia neno kirusi hawasikilizi hadi mwisho.

Nimemjibu kwamba hivi hata watoto wa pumu wanapewa. Amemeza na maji ya uvuguvugu.

Jumamosi, 15 Machi

Mashavu! Kilo hamsini na sita!

Walimu wenzake pale shule ya awali wanamuuliza anakula nini. Adelard kampiga picha, kaituma kwa yule mama mdogo. Jibu limekuja kwa sauti: vigelegele tupu, hakuna neno hata moja.

Shangazi Felicitas ameshafika kutoka Masasi kwa ajili ya maandalizi. Ni dada wa marehemu Baba, ndiye mkubwa wa ukoo tuliyebaki naye. Kaja na unga wa mizizi kwenye kopo la maziwa, kila asubuhi anamkorogea Marietha kijiko kimoja kwenye uji. Sasa sifa zote kachukua yeye. Mmeona? Mizizi ya nyumbani hiyo, nyie watu wa mjini hamjui kitu! Mimi na Marietha tukaangaliana, tukacheka hadi Marietha akapaliwa.

Jumapili, 27 Aprili

Uso umekuwa duara. Nyuma ya shingo pana nundu, anaificha kwa mtandio. Tumboni kuna mistari ya zambarau kama kachapwa. Miguu imebaki ileile, myembamba. Ngazi za shule anapumzika katikati.

Watu wanasema amenawiri. Nimeshawaambia wateja wangapi maneno hayohayo.

Jumamosi, 3 Mei

Gauni limegoma. Lilipimwa Machi, kwa Munira, fundi wetu wa Tandika. Leo zipu imefika kiunoni ikasimama. Munira akavuta, nikavuta, Shangazi akavuta. Marietha katikati anatokwa jasho, mikono juu. Munira akamwambia, bibi harusi, punguza kula basi, kitambaa nilishakata!

Ndani ya bajaji nimemwambia aache vidonge. Kuanzia leo hii. Kashukuru, kasema vilikuwa vinamnyima usingizi. Bahasha mbili zilizobaki nimezirudisha dukani.

Kwenye mafunzo walitufundisha kwamba dawa hii, mtu akishaitumia muda mrefu, anashushwa kidogo kidogo, haachishwi kwa mara moja. Siwezi kusema nilisahau. Niliona hayo ni mambo ya wagonjwa.

Jumanne, 20 Mei

Marietha anatapika asubuhi. Akisimama, kizunguzungu. Habari zimefika Kibamba sijui kwa njia gani, mama mdogo kapiga simu anacheka peke yake: haraka ya nini jamani, si mngesubiri Julai! Shangazi alikasirika, akafurahi, akakasirika tena.

Nimeleta kipimo cha mimba. Mstari mmoja. Nimeleta kingine. Mstari mmoja.

Nilitaka iwe mimba. Nimesali iwe mimba!

Jumatatu, 9 Juni

Macho yake ni ya njano.

Alikuwa anaanika nguo juani, akageuka kuniomba vibanio. Nimempa vibanio. Nimeingia ndani, nimejifungia chooni.

Mkojo umekuwa kama chai ya rangi tangu Alhamisi. Hakuniambia, eti hakutaka kunitia wasiwasi.

Jumatano, 11 Juni

Amelazwa. Hospitali ya rufaa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Dokta Nurdin ni kijana, mpole, anaeleza hadi mtu unaelewa. Kuna kipimo kinachoonyesha ini linavyoumia, kinatakiwa kisizidi arobaini. Cha Marietha ni elfu moja mia sita na themanini. Nilidhani nimesikia vibaya. Ameandika kwenye karatasi, akaizungushia duara. Kisha akasema ana majibu mengine, je, ndugu watoke? Marietha akasema hapana, mchumba wangu abaki, asikie na yeye.

Akasikia. Homa ya ini B, ya siku nyingi.

Dokta aliuliza kuhusu Mama. Nikamwambia alikufa tumbo limejaa maji, na ukoo wote ukasema karogwa. Akatikisa kichwa. Huenda Marietha alikipata kirusi kwa Mama siku ya kuzaliwa, ndivyo kinavyopita mara nyingi. Wewe umepima? Sijapima. Miaka yote hiyo nampeleka mdogo wangu, mimi mwenyewe sijawahi kupima.

Halafu likaja swali lenyewe. Kirusi kilikuwa kimelala, akasema. Wakati mwingine kinaamka chenyewe, wakati mwingine kinaamshwa. Miezi ya karibuni umetumia dawa yoyote? Ya dukani, ya kienyeji, chochote?

Marietha aliniangalia mimi.

"Mizizi, Dokta," nikasema. "Shangazi yetu alimletea mizizi kutoka Masasi."

Imetoka laini kabisa. Wala sikumeza mate. Dokta akaandika, nikaiona kalamu inavyokwenda: dawa za kienyeji. Marietha akageukia dirishani.

Adelard alikuwa ameshatoka. Nikajua ndiyo basi, kaondoka huyo. Baada ya saa nzima akarudi na chupa ya uji. Akanisimamisha kwenye korido.

"Shem, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

Akasema sawa. Akaingia na uji wake. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Juni

Leo kanisani wamesoma tangazo la kwanza la ndoa yao. Marietha wa Chamazi na Adelard wa Kibamba. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko. Wanawake wa jumuiya wakanigeukia wanatabasamu, hawajui kama amelazwa. Nami nikatabasamu! Sijui uso huu nimeutoa wapi.

Adelard kapimwa. Hana. Kachomwa chanjo ya kwanza. Kila jioni yuko wodini, anamsomea Marietha meseji za watu waliothibitisha kuja harusini. Marietha kaanzishiwa dawa ya kukizuia kirusi, kidonge kimoja kwa siku.

Nyumbani ni balaa. Baba mdogo wa Masasi alipiga simu ya kumgombeza Shangazi hadi simu ikaisha chaji. Kamwambia usikanyage huku, umemwekea mtoto wa marehemu sumu. Shangazi hakujitetea. Alisema tu, sikujua, sikujua.

Na leo nimemkuta jikoni anakunywa ule unga. Vijiko vinne, kwenye maji baridi. Kumbe ni siku ya tatu. Anataka kuona kama na yeye atageuka njano. Kila akiamka anachukua kioo changu cha mkononi, anakwenda nacho mlangoni penye mwanga, anavuta kope chini, anajitazama.

"Mbona mie sigeuki, mwanangu?" kaniuliza. "Au ni kwa sababu mie mzee?"

Nimeosha kile kikombe.

Jumanne, 17 Juni

Nimesoma karatasi.

Ndani ya kila boksi la dawa pana karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Miaka sita natoa vidonge kwenye boksi, karatasi natupa. Leo hapakuwa na mteja, nikaikunjua. Maandishi madogo, Kiingereza, nimekwenda na simu neno kwa neno.

Imo. Imeandikwa kabisa. Mwenye homa ya ini B asipewe bila daktari kujua.

Nikaendelea kutafuta kwenye simu hadi nikaelewa. Deksa inailaza kinga ya mwili. Kinga ikilala, kirusi kinazaliana kinavyotaka, na mtu huku nje ananenepa, anapigwa picha. Ukiiondoa deksa ghafla, kinga inaamka inakuta ini limejaa adui. Inalishambulia ini lenyewe. Kwa hiyo nilimwumiza mara mbili: nilipompa na nilipomwachisha.

Na kuna la tatu. Mwili unatengeneza kitu cha namna hiyo wenyewe, ndicho kinachoshikilia presha mtu akiumwa. Ukiuzoesha vidonge, unaacha kutengeneza. Unaweza kukaa miezi haujarudi. Marietha tangu jana presha inashuka. Dripu zinaingia, presha haipandi. Dokta Nurdin kasema wazi kwamba haelewi, ini peke yake bado halijafika pa kuishusha hivyo.

Mimi naelewa. Muuza duka anaelewa na daktari haelewi, kwa sababu nimemficha.

Kesho nitasema. Watanifungia duka, watanifunga na mimi, Adelard atajua, Shangazi atajua. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka.

Jumatano, 18 Juni

Sikusema.

Dokta alikuwa na haraka. Halafu alikuwa na wanafunzi. Halafu alikuwa peke yake, amesimama pale dirishani anakunywa maji, na mimi nikampita nikamsalimia.

Alhamisi, 19 Juni

Mchana kaniita Mama. Akaniuliza kama kuku wamefungiwa. Hatuna kuku tangu mwaka 2009. Muuguzi kasema sumu za ini zinapanda kichwani, tumsemeshe.

Nikamsemesha. Gauni, keki, sare za kamati, lile zee la kamera linalotaka chakula cha watu wanne. Baadaye akatulia, akanitazama na akili zake zote. Macho kama binzari.

"Dada, usiseme," akanong'ona. "Watakufunga."

Kumbe alijua. Sijui tangu lini. Labda tangu siku ile ya dokta, labda yeye alisoma mapema kuliko mimi, ana simu nzuri zaidi.

"Mie ntapona tu," akasema. "We usiseme."

Nikamwambia sawa. Nikafurahi. Naandika hapa maana hapana pengine pa kuyaandika haya: nilifurahi. Nilitembea hadi getini mwili mwepesi, kama nimepewa ruhusa. Nikanunua karanga, nikala. Nilipozimaliza ndipo nikajiona nilivyo, nikatapika kwenye mtaro mbele ya watu.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika kwenye benchi la korido. Nimechukua hili daftari asubuhi nikadhani nitaandikia vitu vya kuleta.

Presha ni sabini kwa arobaini. Sukari imeshuka. Wamemhamishia chumba cha mwisho, kile chenye pazia. Adelard kaja moja kwa moja kutoka kazini na kitambulisho shingoni. Shangazi katandika kanga yake kwenye benchi, mimi na yeye tukakaa juu yake.

Dokta Nurdin akatoka. Hakuwa mpole leo. Akasema anatuuliza kwa mara ya mwisho, kuna kitu hakimwingii akilini, huyu binti alikuwa anatumia nini?

Kabla sijafungua mdomo Shangazi akasimama. Akavua kilemba. Akasema ni yeye, ni mizizi yake, aandikwe jina lake kamili, na kama kuna polisi waitwe, hatakimbia. Akasema yeye mwenyewe ameunywa siku nane ili aone, lakini Mungu kamwacha makusudi aone aibu. Akataka kupiga magoti, Adelard akamshika.

Dokta kachoka yule. Akamwambia mbele ya korido nzima: "Mama, mizizi yenu hii mnatumalizia watoto."

Shangazi akainamisha kichwa. Akasema, "Ni kweli, baba."

Anamwita baba mtoto wa miaka thelathini. Anaitikia uongo wangu kwa heshima zote.

Nikasema. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisema kwa sauti ileile ninayomsomea mteja: "Si mizizi. Ni deksa. Nusu miligramu, viwili mara mbili kwa siku, siku themanini. Kaacha tarehe tatu Mei. Nilimpa mimi."

Dokta hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Aliacha kwa kupunguza?"

"Kwa siku moja."

Akageuka akakimbia. Nimesikia anamwita muuguzi, haidrokotisoni, kwenye mshipa, sasa hivi! Naijua. Ni ndugu yake deksa. Kile nilichomnenepeshea ndicho sasa wanachomtia kwa sindano ili asife, na kama ningesema Jumatano ya wiki iliyopita, kama ningesema Jumanne, kama ningesema jana badala ya kula karanga —

Sijui kama wamewahi.

Shangazi aliketi. Akauliza, bila kunitazama:

"Kwa hiyo si mizizi?"

"Si mizizi, Shangazi."

"Na wewe ulikuwa unaniona ninavyokunywa."

"Nilikuwa nakuona."

Akaniambia ninyanyuke kidogo. Nikanyanyuka. Akavuta kanga yake, akaikunja mara nne, akaipakata. Akahamia mwisho wa benchi. Adelard yuko dirishani, kanipa mgongo, anazungusha kile kitambulisho. Naandika kwa sababu mikono haina pa kwenda, na nikiacha kuandika nitasikia yanayoendelea nyuma ya lile pazia.

Saa nane na robo. Watu wawili wameingia na mashine ya magurudumu. Mmoja ametoka anakimbia. Amerudi.

Saa nane na dakika ishirini na tano. Kimya.

Muuguzi ametoka. Kasimama mlangoni, kavua glavu moja. Anauliza ndugu wa Marietha wako wapi. Adelard amesogea. Shangazi amesimama, kanga kifuani. Muuguzi anawatazama, anauliza, ni nyie wawili tu?

Hakuna anayegeuka huku niliko. Mimi bado nimekaa, kalamu mkononi.